UZI: Tunabishania Bei ya Stima, Joto Linatorokea kwa Mabati

1. Kila msimu wa siasa ukifika, mjadala wa gharama ya maisha huishia palepale: bei ya tokeni, bei ya mtungi wa gesi, bei ya mafuta taa. Upande mmoja unasema kodi ipunguzwe. Upande wa pili unasema tuzalishe umeme zaidi. Leo hatutaji mtu wala chama. Tunauliza swali ambalo pande zote mbili huliruka: joto tukishalinunua, linakaa ndani ya nyumba muda gani kabla halijatoroka? Tutaliangalia kutoka Longonot, kwa sababu karibu historia yote ya swali hili imepita hapo. Uzi ni mrefu, jitilie chai kwanza.

2. Tuanze na ardhi yenyewe. Mlima Longonot una urefu wa mita 2,776. Naivasha, hapo karibu, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa akilala huku mwezi wa Julai ndipo anaelewa kwamba Kenya si nchi ya joto peke yake. Wakikuyu wanao msimu wao wa baridi, gathano. Lakini hatuna hita za ukutani, kwa hivyo tunadhani hatulipii baridi. Tunalipa: makaa ya kuota, kuni, maji ya kuoga, chai ya tatu usiku, shawa ya stima. Bili ya baridi haiji kwa karatasi moja. Inakuja kidogo kidogo, ndiyo maana haihesabiwi.

3. Watu wa kwanza kujenga kwa wingi hapa walijua baridi hii. Enkaji, nyumba ya Kimaasai, hujengwa na wanawake: fito, udongo, samadi ya ng'ombe, paa la chini, mlango mdogo wenye kona ili upepo usiingie moja kwa moja, na tundu dogo badala ya dirisha. Ndama na wana-kondoo walilala ndani, na joto la miili yao lilikuwa sehemu ya hesabu. Nyumba ya Kikuyu nayo ilikuwa na paa nene la nyasi, moto katikati, na mbuzi ndani usiku. Nyasi na samadi zimejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Chupa ya chai hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo ya kulizibia joto njia.

4. Lakini tusidanganyane kwa kusifu ya kale. Nyumba zile zilihifadhi joto na zikahifadhi moshi pia. Macho yaliumia, vifua viliumia, na wanawake na watoto ndio walioumia zaidi. Nyasi huvuja na hushika moto. Samadi inataka kukandikwa tena na tena. Kwa hivyo walioziacha hawakuwa wajinga, walikuwa na sababu. Swali letu ni hili: tulipoziacha, tulibeba nini na tukasahau nini?

5. Reli ilipita bondeni mwanzoni mwa karne ya 20, ikafika Kisumu mwaka 1901. Longonot ikawa stesheni. Mwaka 1904 Wamaasai waliwekewa mkataba uliowatoa Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, ili walowezi wapate ardhi kando ya reli. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, wale wa Laikipia wakahamishwa tena kuelekea kusini. Walienda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa. Nyumba inayojua baridi ya mahali fulani hujengwa na mtu anayejua atakuwepo hapo mwaka ujao. Ondoa uhakika huo, na ukuta unaanza kuwa mwembamba.

6. Kwenye mashamba ya walowezi walikaa maskwota, wengi wao Wakikuyu. Sheria za 1918 na 1937 ziliwafunga kwenye siku za kazi, na kibali cha kukaa kilitegemea mwenye shamba. Nyumba yako ingeweza kubomolewa mkataba ukiisha. Nani angeweka mbao nzuri na ukuta mnene kwenye nyumba ya namna hiyo? Hapohapo, nyumba ya mlowezi ilikuwa na kuta za mawe, dari ya mbao na bomba la kutolea moshi. Baridi ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa nani ana haki ya kukaa.

7. Halafu ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Nyumba zilijengwa mbiombio, kwa amri, zikiwa zimebanana. Maskwota wengi wa Bonde la Ufa nao walifukuzwa mashambani. Kizazi kizima kilijifunza kujenga haraka kwa ajili ya kuishi leo. Maarifa ya kujenga nyumba yenye joto hayafi siku moja. Hufa pale ambapo hakuna nafasi ya kuyatumia.

8. Sasa tufike kwenye mabati. Baada ya uhuru familia nyingi zilipata ardhi kupitia mipango ya serikali ya makazi, na hapa Nakuru na Naivasha wengi walinunua kupitia vyama na kampuni za kununua mashamba. Kitu cha kwanza walichotaka juu ya shamba jipya kilikuwa paa la mabati. Miaka ya 1960 na 1970 wanawake wa Kati waliunda vikundi vilivyojulikana kama vya mabati: wanachanga, wanamwezekea mmoja, mwezi ujao mwingine. Wanasiasa hawakuwa wameleta hiyo kitu. Ni akina mama walijiwezekea wenyewe.

9. Na walikuwa sahihi. Bati hukinga maji ya mvua, na kwa Longonot hilo si jambo dogo, kwa sababu maji ya visima vya bonde hili mara nyingi yana floraidi nyingi inayobadilisha meno na kuumiza mifupa. Bati haliwaki kama nyasi, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moshi haubaki ukining'inia kama zamani. Sensa ya 2019 ilikuta karibu nyumba nne kati ya tano Kenya zimeezekwa mabati. Kwa hivyo akisimama mtu jukwaani akakwambia turudi kwa nyasi, muulize yeye analala chini ya nini.

10. Shida ni moja: tulichukua bati, tukaacha kile ambacho lilipaswa kuwekewa chini yake. Bati la geji 30 halifiki unene wa nusu milimita. Usiku wa anga safi linatoa joto kuelekea angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa pumzi zenu na wa sufuria unagonga bati, unakuwa maji, unadondokea blanketi alfajiri. Mchana mambo yanageuka, chumba kinakuwa tanuri. Hewa moto hupanda juu siku zote, na juu ndiko tulikoweka kitu chembamba kuliko vyote nyumbani. Mlowezi naye aliezeka bati mara nyingi, lakini chini yake aliweka dari. Tuliiga paa, dari tukaiacha.

11. Wakati huohuo, chini ya ardhi hii kuna joto la kutosha. Visima vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950 bila mafanikio. Kazi ilirudi kwa nguvu miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kufikia 1985 zilikuwa 45. Leo Olkaria ina zaidi ya megawati 800, na umeme wa mvuke umekuwa ukitoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya miaka ya karibuni. Haya ni mafanikio ya kweli. Tuyatambue.

12. Lakini angalia tarehe. Msukosuko wa mafuta wa 1973 ulizishtua nchi zote. Kenya ilijibu kwa kutafuta nishati zaidi ardhini. Nchi za baridi zilitafuta nishati pia, lakini zilifanya jambo la pili: zilikaza sheria za kuta, madirisha na paa. Marekani ilianzisha mwaka 1976 mpango wa kuziba nyumba za watu wa kipato cha chini ili bili ipungue. Sisi jambo hilo la pili halikuingia kabisa kwa mjadala. Tangu hapo, ukisema "nishati" Kenya, watu wanasikia "kuzalisha". Hakuna anayesikia "kuhifadhi".

13. Iceland ni mfano unaotugusa, kwa sababu wataalamu wengi wa mvuke wa Kenya wamesomea huko kwenye programu ya mafunzo iliyoanza kazi 1979. Jiji la Reykjavík lilianza kupasha nyumba kwa maji moto ya ardhini mwaka 1930, na leo karibu nyumba tisa kati ya kumi nchini humo hupashwa hivyo. Tumeleta ujuzi wa kuchimba. Wazo la kwamba joto hilo ni la nyumba za watu halikupanda ndege. Ni kweli, baridi yetu si ya theluji na nyumba zetu zimetawanyika, kwa hivyo mabomba hadi kila boma la Longonot ni gharama isiyo na maana. Ila dari si bomba.

14. Na kuna jirani ambaye joto la ardhini linamfikia moja kwa moja: waridi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, shamba la Oserian kando ya Ziwa Naivasha limetumia kisima cha mvuke kupasha vibanda vya maua vya takriban hekta 50, ili unyevu wa usiku upungue na ukungu usishambulie maua. Ni uhandisi mzuri, na hatusemi ufungwe. Lakini wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua ya Naivasha hupanga vyumba vya ploti Karagita, Kamere na kwingineko, na vyumba vingi vya huko ni bati tupu juu. Unyevu unaoharibu ua ndio huohuo unaodondoka kwa godoro.

15. "Sawa, lakini kuzuia joto ni mambo ya Wazungu." Hapana. Kenya imeshashinda vita hii mara moja, na ushahidi uko jikoni kwako. Jiko la kale la bati, ambalo asili yake huhusishwa na mafundi Wahindi wa reli, lilipoteza joto pande zote. Mwaka 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, na miaka hiyohiyo watu wa mashirika, Wizara ya Nishati na mafundi wa jua kali walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, wakalibadilisha, wakaweka udongo wa kuchomwa ndani ya bati. Ndilo jiko unalolijua leo, lenye kiuno.

16. Jiko hilo hupunguza matumizi ya makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50. Bei ya makaa haikushushwa na amri yoyote. Hakuna kiwanda kipya cha makaa kilichojengwa. Joto liliwekewa ukuta tu, na matumizi ya nyumba yakashuka. Mafundi wa Kamukunji walipata kazi, kina mama walibaki na pesa, na teknolojia ikasambaa hadi nchi jirani. Hii ndiyo hoja nzima ya uzi huu: tulifunika jiko, tukasahau kufunika nyumba.

17. Sasa tupime zile hoja mbili za jukwaani kwa haki. Ya kwanza: punguza kodi. VAT ya gesi iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikawa 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Mafuta taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Kiwango cha umeme wa bei ya chini kilikuwa yuniti 100 kwa mwezi kuanzia mwishoni mwa 2018, mwaka 2023 kikashushwa hadi 30. Nafuu ni muhimu, maskini anaisikia siku hiyohiyo. Lakini inaweza kutolewa Juni na kurudishwa Julai. Dari ikishapigwa misumari, hakuna bajeti inayoweza kuing'oa.

18. Hoja ya pili: zalisha zaidi. Hiyo pia ina ukweli, viwanda vinahitaji umeme. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zilipikia kuni. Megawati mpya haiingii moja kwa moja kwenye figa. Na tuongeze gharama ambayo haiko kwenye bili: wanaoishi juu ya mvuke ndio huhamishwa. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hadi upatanishi ukafanyika. Kila joto tunaloliacha litoroke, kuna mahali litachimbwa upya, na kuna mtu anaishi hapo.

19. Kuna hoja ya tatu, na hii ndiyo ngumu kwa sababu inagusa mfuko wa mtu: nani alipe? Kwenye ploti, mwenye ploti ndiye anachagua paa. Mpangaji ndiye ananunua makaa. Mwenye ploti akiweka silingi, faida inaenda kwa mpangaji. Mpangaji akiweka silingi, akihama anaiacha. Kwa hivyo hakuna anayeweka. Sio roho mbaya, ni hesabu ilivyopangwa. Hapo ndipo sheria huwa na kazi. Na si jambo geni: mwaka 2012 serikali ilitunga kanuni za kupasha maji kwa jua kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Utekelezaji ulisuasua, lakini kanuni ilikubali kwamba bili inaanzia kwa mjenzi.

20. Na vifaa? Tumekalia. Nyanda za Longonot zimejaa mawe mepesi ya volkano yenye matundu kama sifongo, na matundu ni hewa. Kariandusi, karibu na Gilgil, kumechimbwa diatomaiti tangu miaka ya 1940, unga mweupe ambao duniani hutumika pia kutengeneza matofali ya kuzuia joto. Pale ambapo pesa ni kidogo, hata silingi ya gunia zilizoshonwa na kukazwa, ikiachwa nafasi ya hewa kati yake na bati, inabadilisha usiku. Ziba upenyo chini ya mlango. Pika githeri ichemke, kisha uiweke kwenye kikapu kilichojazwa matambara imalizie bila moto. Ila usipige silingi ya katoni na sponji karibu na jiko, hiyo ni kuita moto.

21. ONYO, na tafadhali usilipite. Kubana joto si kubana hewa. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Kila msimu wa baridi tunasikia misiba ya namna hii. Nyumba za kale zilivuja hewa, na hilo liliokoa watu bila wao kujua. Ukiziba mianya, jiko litoke nje kabla ya kulala, na acha tundu la hewa juu na chini. Anayekuahidi nyumba yenye joto bila kutaja hewa hajui anachosema.

22. "Lakini baridi ni miezi michache, pesa zote hizo za nini?" Swali zuri. Jibu ni kwamba dari hiyohiyo inazuia joto la adhuhuri miezi iliyobaki, na kelele za mvua zinazomzuia mtoto kusoma. Pia fikiria walio ndani mchana na usiku: mtoto mchanga, mzee, mgonjwa wa kifua. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, familia nyingi zililala kwenye hema Maai Mahiu, Naivasha na Nakuru kwa muda mrefu. Wao hawahitaji kuelezwa maana ya kitambaa kimoja kati yako na usiku wa bonde hili.

23. Kwa hivyo, kipaza sauti kikishikwa na yeyote, wa rangi yoyote, muulize haya. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya makazi yanayofaa: je, chumba kinachodondosha maji ya pumzi kinafaa? Tangu 2024 sheria inakata asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu: michoro ya nyumba hizo inasema nini kuhusu paa na dari? Kaunti ndiyo hupitisha michoro ya majengo: mbona ploti inapitishwa bila silingi kwenye eneo la baridi? Na je, kuna mkopo mdogo wa dari kama ulivyo mkopo wa mbolea?

24. Akijibu kwa kukuahidi mabati, mshukuru, kisha umuulize: na chini ya bati? Vikundi vya akina mama vilimaliza kazi ya paa miongo kadhaa iliyopita. Kazi iliyobaki ni ya kipande kimoja kati ya paa na kichwa cha mtu anayelala. Kikundi chenu cha kuchangishana kinaweza kuianza hata kabla ya kampeni: mwezi huu silingi ya mmoja, mwezi ujao ya mwingine.

Mwisho wa uzi. Kama una mwenye ploti kwenye simu yako, mtumie namba 10 na namba 19. Na anayelala na jiko ndani, mtumie namba 21 leo, usingoje Julai.